Maswali ya wasomaji: Ngozi ije mwisho, anza na uzi

Mwezi huu yamekuja maswali mengi ya vitabu, sio vya kusoma, vya kushona na kutibu, sijui upepo gani umevuma. Nimechukua matano. Yale ya "kubaindi thesisi ni bei gani" nimeyaacha, hilo ingia steshenari yoyote maeneo ya Mlimani utajibiwa kabla hujamaliza sentensi.

Shikamoo ankal. Niko Tabata, nafanya kazi steshenari, kopi, laminesheni na kubaindi spairo. Nimeona watu mtandaoni wanatengeneza vitabu vya ngozi kwa mkono kama vya zamani na wengine wanafufua vitabu vilivyokufa kabisa, na mimi nataka. Ngozi nimeshanunua Kariakoo, futi kadhaa. Sasa nianzie wapi, Dar kuna chuo cha hii kitu? Na lazima niwe na mashine ya kukatia? – Kijana wa spairo

Marahaba mdogo wangu. Hiyo ngozi iviringishe vizuri, usiikunje maana itaweka mstari usiotoka, halafu iweke juu ya kabati uisahau kwa muda. Najua inauma, ngozi ndo imekuvuta, lakini kitabu hakishikwi na ngozi, kinashikwa na uzi, ngozi ni nguo tu. Nimeona vitabu vya ngozi vya kupendeza pale kwenye maduka ya watalii, ukivifungua ndani ni karatasi za A4 zimepigwa gundi mgongoni basi, miezi miwili kurasa zinaanza kudondoka moja moja.

Kwa hiyo anza na karatasi. Unachukua shiti nne au tano, unazikunja pamoja katikati, hilo ni fungu moja. Mafungu kumi, kumi na mbili yakipangwa ndo kitabu chenyewe. Na hapa kuna jambo ambalo wewe wa steshenari unalishika kila siku bila kulijua: karatasi ina mwelekeo, nyuzi zake zimelala upande mmoja, na kwenye kitabu lazima zilale kutoka juu kwenda chini, sambamba na mgongo. Rimu ya A4 ya kawaida nyuzi zake mara nyingi zimelala kwa urefu wa karatasi, sasa ukikunja A4 kupata A5 nyuzi zinakaa kwa kupingana na mkunjo, matokeo yake kitabu kinakuwa kigumu kufunguka na ukitia gundi kinajikunjakunja. Kupima ni rahisi, kata kipande cha mraba, lowesha upande mmoja kidogo, kitajiviringisha kama bomba, na bomba linavyolala ndivyo nyuzi zilivyolala. Dawa yake nunua shiti kubwa kwenye maduka ya karatasi ya wachapaji, ukate mwenyewe kwa mwelekeo unaoutaka.

Mashine ya kukatia huna haja nayo. Rula ya chuma, kisu kizuri, basi.

Kushona sasa. Toboa mashimo kwenye mkunjo kwa msharasi, ule wa mafundi viatu ni mnene sana kwa hiyo tafuta mwembamba au chomeka sindano kwenye kipini cha mti. Uzi usichukue ule wa nailoni wa viatu hata kama fundi anakusifia kwamba haukatiki, ni kweli haukatiki, utakaokatika ni karatasi. Kimila unatumika uzi wa kitani, ukikosa chukua wa pamba ulio imara, upitishe kwenye nta ya nyuki mara mbili tatu (wauza asali wanayo, wengi wanaiona ni takataka) ili usijisokote. Unashona fungu la kwanza, unapanda la pili, ukifika mwisho wa kila fungu unapitisha sindano chini ya mshono wa fungu la chini yake unafunga, ukienda hivyo mpaka juu, na katikati uzi unazunguka kamba au tepe za kitambaa ambazo baadaye zitagundishwa kwenye kadi za jalada. Siri nzima iko kwenye mkono, ukivuta sana unachana karatasi, ukilegeza kitabu kinacheza. Hapo hakuna wa kukufundisha kwa maneno, shona madaftari, wape wadogo zako waandikie shuleni, ukiona yamevumilia muhula mzima ujue mkono umekubali. Daftari likipita muhula shule ya msingi hakuna mtihani mwingine mgumu kuliko huo.

Gundi: unga wa ngano na maji, kipimo kimoja kwa vitano hivi, koroga kwenye moto mdogo robo saa mpaka ing'ae, chuja kwa kitambaa, iache ipoe. Inakaa siku chache kwenye friji. Ukitaka iliyo bora zaidi ukande unga kama wa chapati, uoshe lile donge ndani ya bakuli la maji, maji yakituama ule wanga mweupe ulio chini ndo unaupika. Kwanini nahangaika na uji wakati gundi nyeupe ya maji ipo kila duka? Kwa sababu uji ukilowesha unaachia. Leo unaweza usione maana yake ila siku utakapoanza kutibu vitabu vya watu utashukuru, kazi yoyote unayoifanya kwenye kitabu cha zamani lazima mwingine baada yako aweze kuitoa bila kuharibu. Ubaya wake mende wanaupenda kama wageni wa harusi wanavyopenda pilau, kwa hiyo usafi wa chumba ni sehemu ya kazi.

Vifaa vingine Dar vyote vipo, ni kuzunguka. Kibanio cha kukandamizia, mbao mbili nzito na bolti mbili ndefu, mafundi wa Keko watakutengenezea wakicheka. Vyuma vya moto vya kuchora mistari kwenye ngozi pamoja na kisu cha kuparia, yaani cha kupunguza unene wa ngozi, wapelekee wahunzi wa Gerezani wakakufulie, nenda na mchoro wenye vipimo. Kipande cha granaiti cha kuparia ngozi juu yake okota kwa wanaokata kaunta za jikoni. Na mfupa wa kukunjia karatasi jitengenezee, mfupa wa ng'ombe, msasa, subira.

Ukishashona ukaweka jalada la kadi na kitambaa, halafu ukaweka la reksini, ile ngozi bandia, ndo urudi kwenye kabati ukachukue ngozi yako, na ninavyohisi utakuta siyo yenyewe. Ngozi nyingi za viatu na mikoba zimetengenezwa kwa kromu, chumvi ya kiwandani, badala ya magome ya miti. Tazama ukingo uliokatwa, ukiona katikati kuna rangi ya samawati au kijivukijivu hiyo ni kromu, ukiona kahawia yote mpaka ndani huenda ni ya magome ya miti. Dondoshea tone la maji, ya magome inanywa haraka inakuwa nyeusi pale. Wajalidi, mafundi wa kuvika vitabu majalada, wanataka ya magome, hasa ya mbuzi, kwa sababu inalainika ikilowa, inashika umbo la mgongo, na ukiigusa kwa chuma cha moto mstari unabaki. Ya kromu inarudi kama mpira. Unene uwe kama milimita moja au pungufu, na kingo zote za kukunjia ndani unazipara kwa kisu mpaka ziwe nyembamba kama karatasi. Kuparia ndo kunakotenganisha fundi na mpenda mambo. Kisu kisipokuwa kikali kama wembe utatoboa tu, kwa hiyo muda wako mwingi utaisha kwenye jiwe la kunolea, zoea.

Chuo. Usitafute jengo lenye kibao cha "kujalidi vitabu kwa ngozi", ujuzi huu hapa kwetu umetawanyika na itabidi uuokote vipande vipande. Ngozi kama ngozi, inavyolainishwa na kukaushwa, wanafundisha kampasi ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, iliyoko Mwanza. Utunzaji wa vitabu na nyaraka nenda Bagamoyo, kile chuo cha ukutubi na nyaraka kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, SLADS. Kushona tafuta wale wazee waliowahi kufanya kazi kwenye viwanda vya uchapaji, waliokuwa wanabaindi rejista na leja za serikali kwa mkono, wapo, wamestaafu wamekaa vibarazani wanacheza bao na hakuna anayewauliza chochote. Nenda na sukari kilo mbili na adabu yako. Huyo ndo chuo chako, hawa wengine ni nyongeza. Kuna sehemu kama West Dean kule Uingereza wanatoa kozi kubwa za kutibu vitabu, ila hizo uziwazie ukishakuwa na kazi za kuonyesha.

Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa Magomeni. Nina msahafu wa babu yake marehemu baba, ulitoka Kilwa. Jalada lake la ngozi nikiligusa linaacha vumbi jekundu mikononi mpaka kwenye kanga, na kile kipande chake cha pembeni kinachokunjwa kimechomoka. Ndani mwanzoni kuna majina ya ukoo na tarehe za watoto kuzaliwa. Shangazi anasema nipake mafuta ya nazi. Fundi mmoja mjini kasema atatupa jalada hilo aniwekee jipya la reksini lenye maandishi ya dhahabu. Nimsikilize nani? – Mama Magomeni

Waalaykum salaam mama yangu. Usimsikilize yeyote kati ya hao wawili, na shangazi mfikishie kwa upole maana nia yake ni njema, hata maktaba kubwa za Ulaya kwa miaka mingi zilikuwa zinapaka ngozi mafuta kabla hazijagundua kwamba mafuta yanaingia kwenye karatasi, yanaacha madoa, yanakamata vumbi na kuita ukungu, na ngozi yenyewe hayaiponyi.

Hilo vumbi jekundu ni ugonjwa unaojulikana. Ngozi iliyotengenezwa kwa magome inavuta hewa chafu, hasa ile ya moshi wa makaa na gesi yenye salfa, inageuka asidi ndani ya ngozi na kuila mpaka inakuwa unga. Ngozi za karne ya 19 ndo zimeumia zaidi kwa sababu viwanda vilianza kuharakisha kazi. Na sio magome yote sawa, yale ya jamii ya mwati, huu wanaoulima Njombe, na mikoko, yana aina ya tanini, ile dawa ya mti inayokomaza ngozi, inayoshambuliwa haraka kuliko ya mti unaoitwa sumac kwa Kiingereza, ambayo wajalidi wa kale waliipenda. (Kijana wa spairo, na wewe sikia hili, ukipata ngozi ya magome uliza ni magome gani.) Iliyokwishageuka unga hairudi kuwa ngozi, kinachowezekana ni kuushika huo unga usiendelee kudondoka. Wataalamu wanapaka hidroksipropili selulosi, inauzwa kwa jina la Klucel G, imeyeyushwa kwenye spiriti, sio kwenye maji, maana ngozi ya hivyo ikipata maji inakuwa nyeusi na ngumu hapohapo. Hii usijaribu nyumbani.

Kile kipande kilichochomoka ni ulimi wa msahafu na ni mali. Vitabu vya Kiislamu vinajalidiwa kwa namna yake, jalada linalingana sawasawa na karatasi bila kuzidi pembeni, mgongo ni bapa, na ulimi unatoka jalada la nyuma unakuja kuingia chini ya jalada la mbele kulinda kingo za kurasa. Mafundi waliozoea vitabu vya Kizungu wakipata msahafu wa hivi wanauviringisha mgongo, wanaweka jalada linalozidi, ulimi wanautupa, na historia yote inaondoka na ule ulimi. Pwani yetu hii watu walikuwa wanayajua haya, Siyu kule kisiwani Pate walikuwa wananakili misahafu kwa mkono na kuijalidi kwa ngozi, kazi za karne ya 18 na 19 zake mpaka leo ziko kwenye makumbusho. Wako unaweza ukawa wa mkono au unaweza ukawa wa chapa ya jiwe ya Bombay iliyokuwa inaletwa kwa majahazi, vyote viwili vina thamani, ila kama ni wa mkono usikaribishe maji kabisa, hasa penye wino mwekundu.

Leo fanya hivi. Kwanza mtu mwenye udhu na mikono mikavu aupige picha kwa simu, ukurasa wa majina hasa, picha ziende kwa watu watatu wa ukoo. Ufunge kwa kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa na kusuuzwa vizuri, ulimi uukunje kwenye kitambaa chake uuweke pamoja na mwenzake, vyote ndani ya boksi la kadi ngumu. Usiuweke kwenye mfuko wa plastiki, unyevunyevu utafungiwa humo humo. Usiuegemeze ukuta wa nje wala juu ya friji, hewa ya Dar muda mwingi wa mwaka ina unyevu wa kutosha kuotesha ukungu, ukungu unahitaji asilimia 65 hivi tu, kwa hiyo chumba kipite upepo na boksi ulifungue mara kwa mara. Ukija kutaka utibiwe kweli, kaulize kwanza sehemu zinazotunza vitu vya aina hii, maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana mkusanyiko wa miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na kule Unguja Nyaraka za Taifa wanayo ya Kiarabu mingi. Fundi wa kweli utamjua, atakuambia atafanya kidogo. Anayekuahidi utakuwa mpya kabisa mshukuru, ondoka na msahafu wako.

Mambo vipi. Mvua imeingia ndani Kigogo, boksi zima la vitabu limelowa, vingine vya karatasi za kung'aa. Nimevianika juani, nimekosea? – Mpangaji

Vitoe juani sasa hivi, karatasi zitajikunja kama chipsi na majalada yatapinda. Una kama siku mbili kabla ukungu haujaanza, kwa hiyo chagua. Vile vya karatasi ya kung'aa ndo wagonjwa mahututi, zikikauka zimeshikana hazitengani tena, chomeka karatasi nyeupe kati ya kurasa moja moja zikiwa bado mbichi, na kama ni vingi kuliko mikono yako vitie kwenye mifuko uombe nafasi kwenye friza ya jirani muuza samaki, ndiyo, vigande, barafu inasimamisha kila kitu mpaka upate muda. Vya kawaida visimamishe wima vimeachama kidogo, feni ipige hewa ya chumba isivipige usoni, badilisha karatasi za kunyonya maji. Tope likikauka ndo unalibrashi, likiwa bichi ukilisugua unalisukuma ndani.

Hii njia haikutoka kichwani kwangu. Tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno ulifurika Florence, Italia, ukazika vitabu vya maktaba ya taifa kwenye tope na mafuta mazito, vijana wakaja toka nchi mbalimbali kuvitoa mkono kwa mkono, na mafundi kama Peter Waters kutoka Uingereza wakaongoza kuviokoa. Utibabu wa vitabu wa leo kwa sehemu kubwa ulizaliwa pale. Na waligundua jambo la kuchekesha, vile vitabu vyenye majalada mepesi laini ya ngozi nyeupe isiyo na gundi nyingi vilivumilia kuliko majalada mazito ya kifahari.

Selotepu inafaa kuunga ukurasa uliochanika? – Sinza

Hapana. Gundi yake inageuka njano, inavuja, inaacha doa lisilotoka na plastiki inadondoka, unabaki na mchaniko na doa. Tumia karatasi nyembamba ya Kijapani ya kozo, inayotengenezwa kwa nyuzi ndefu za gome la mti, na ule uji wa ngano niliomwambia kijana wa spairo. Chana kipande cha karatasi kwa mkono, usikate, ili nyuzi za ukingoni zishike.

Kaka, hii kazi inalipa? Nina mke na mtoto. – Mbagala

Ya ngozi peke yake mwanzoni hailipi, nisikudanganye. Kinacholipa ni kuchanganya. Thesisi za jalada gumu na herufi za dhahabu zina msimu wake, mawakili wana ripoti za sheria zinazochakaa, parokia na misikiti ya zamani ina rejista zilizopasuka mgongo, harusi zinataka kitabu cha wageni, na hoteli zinataka menyu za ngozi. Hizo zikulishe, huku za kutibu unazipokea chache unazifanya taratibu. Mteja akileta kitabu kipige picha mbele yake kabla hujakigusa, kila pembe na kila mchaniko, muandikiane utafanya nini na hutafanya nini, maana atakumbuka kilikuwa kizima siku anayokuja kukichukua. Na nusu ya hela ichukue kabla hujakata ngozi.